Koti refu, kameez au abaya? Stara ya mwanamke anayesafiri kwa pikipiki

Ukiwa barabarani hakuna anayekujua. Kofia ngumu imefunika kichwa, koti limefunika mikono, suruali na buti vimemaliza kazi. Kwa mtu aliyekaa kando ya barabara ya Nizwa au Isfahan, wewe ni dereva wa pikipiki basi. Stara huanza kuulizwa unapoingia sheli, unashusha stendi, na vidole vinakwenda kwenye mkanda wa kidevu. Ndiyo maana vazi la safari hii hupimwa kwa maswali mawili: ukivua kofia, kichwani kinabaki nini? Na ukishuka kwenye siti, kitambaa kimekaa wapi?

Tunalinganisha njia nne za kuvaa mwilini na njia nne za kufunika kichwa, kwa nchi nne ambazo wasafiri wa pikipiki hupenda kuzipita: Omani, Saudia, Iran na Pakistani. Anayevaa hijabu kila siku na asiyeivaa kabisa wote wana la kuchukua humu, ila shida zao ni mbili tofauti. Wa kwanza hugombana na kofia ngumu, wa pili hugombana na sheria na macho ya watu.

Kila nchi inadai nini

Tuanze na Iran, kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi nne ambako kufunika nywele ni sheria kwa kila mwanamke, mwenyeji na mgeni, Mwislamu na asiye Mwislamu. Sheria hiyo ipo tangu 1983. Baada ya Mahsa Amini, msichana aliyekamatwa kwa kosa la hijabu, kufia mikononi mwa polisi Septemba 2022, wanawake wengi wa Tehran walianza kutembea vichwa wazi, na mgeni akiwaona anaweza kudhani mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Mwenyeji anaujua mtaa wake na anajua anachokihatarisha. Wewe una pikipiki yenye namba za nje na pasipoti unayoihitaji mpakani. Zaidi ya nywele, hutakiwa vazi la juu lililolegea linaloshuka hadi mapajani, mikono iliyofunikwa, na suruali au sketi ndefu. Wenyewe hutumia koti jepesi wanaloliita manto, na koti la pikipiki lililokatwa refu linakaa mahali pake bila mtu kuuliza. Kwa miaka mingi wanawake wa Iran hawakupewa leseni ya pikipiki, kwa hiyo mwanamke anayevua kofia mbele ya watu huvuta macho hata kama amejisitiri barabara. Panga jambo hilo lisikukute ukiwa unahangaika na pini.

Kwenye makaburi matukufu, lile la Imam Reza mjini Mashhad na la Fatima Masumeh mjini Qom, koti halitoshi, unatakiwa chador. Chador ni nusu duara la kitambaa lisilo na kifungo wala zipu, linaloshikiliwa kwa mkono. Wageni huazimwa langoni. Usinunue la kubeba, na kamwe usipande nalo pikipiki, maana mkono unaoshika chador ndio huo huo unaotakiwa kwenye klachi.

Saudia imelegea kuliko inavyosimuliwa. Wanawake waliruhusiwa kuendesha magari na pikipiki kuanzia tarehe 24 Juni 2018, na viza ya utalii ikafunguliwa Septemba 2019. Abaya si lazima kwa mgeni. Masharti ni nguo isiyobana, mabega na magoti yafunikwe. Hata hivyo, katika miji midogo ya bara utakuta karibu kila mwanamke amevaa abaya, na kuwa nayo mkononi ukiingia dukani au hotelini kunapunguza maneno.

Omani haina sheria ya kufunika kichwa mtaani. Mabega na magoti yakiwa ndani, umemaliza. Kazi ipo kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Maskati. Wasio Waislamu huingia asubuhi, saa 2 hadi saa 5 kwa saa zetu, isipokuwa Ijumaa, na mwanamke hutakiwa kufunika nywele, mikono hadi kwenye viganja, na miguu hadi vifundoni. Anayeongea Kiswahili ana faida yake huko: familia nyingi zilirudi kutoka Zanzibar baada ya 1964, na usishangae mama mtu mzima akikusalimu kwa Kiunguja mara akisikia lafudhi yako, au akakusogelea akusomee jina la khanga uliyojifunga.

Pakistani haina sheria ya nguo kwa mgeni. Ina desturi, na desturi inabadilika bonde kwa bonde. Kwenye barabara ya Karakoram, inayopanda milima ya kaskazini hadi mpaka wa China, Hunza ni kwa Waismailia, wanawake wako dukani na shambani, na kitambaa chepesi begani kinatosha. Saa chache kusini yake, Chilas na Kohistan, unaweza kupita soko zima usione mwanamke hata mmoja. Hapo ndipo mtandio mpana unaofunika kichwa, mabega na kifua unapotakiwa uwe karibu, juu kabisa ya mzigo.

Mwilini: njia nne

Njia ya kwanza ni suti ya safari ya kitambaa kizito, koti refu na suruali iliyolegea. Koti zuri kwa kazi hii linafunika makalio hata ukiwa umeinama mbele. Wengi hukosea hapa: wanajipima wamesimama. Ukikaa na kunyoosha mikono kwenye usukani, mgongo wa koti hupanda sentimita kadhaa, na lile lililofunika makalio dukani linaishia kiunoni. Kaa kwenye pikipiki, au hata kwenye kiti ukikigeukia nyuma, nyoosha mikono, kisha mwambie mtu akuangalie kwa nyuma.

Makoti mengi ya kike hubanwa kiunoni, jambo linaloondoa faida yote ya urefu. Usikimbilie kuchukua saizi mbili juu. Vikinga vya kiwiko na bega lazima vikae juu ya mfupa. Shika kikinga cha kiwiko kwa vidole, kizungushe. Kikitoka kwenye mfupa hapo dukani, lami itakitoa haraka zaidi. Ongeza saizi moja tu, au tafuta koti lenye zipu za pembeni nyongani zinazolipanua chini pekee, huku mikono ikibaki na mikanda ya kukazia. Koti la kiume ni refu na halibani, lakini mikono yake mara nyingi hupita kipimo, na kikinga cha kiwiko kinaangukia kwenye kigasha.

Soma lebo iliyoshonwa ndani. Kipimo cha Ulaya, EN 17092, kina madaraja AAA, AA na A kwa nguo kamili, na tofauti kubwa ni msuguano wa lami: sehemu zinazoumia zaidi hujaribiwa kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa kwa AAA, 70 kwa AA na 45 kwa A. Kwa barabara kuu za Saudia na Omani, AA ndiyo ya chini ya kuridhika nayo. Vikinga vyenyewe vina kipimo cha EN 1621, ngazi ya 1 na ya 2. Cha mgongoni cha ngazi ya 2 huruhusu nguvu ya wastani isiyozidi kilonyutoni 9 kupita, cha ngazi ya 1 huruhusu 18. Makoti mengi huuzwa na sponji tupu mfukoni mwa mgongo. Itoe, weka kikinga.

Njia ya pili ni vikinga ndani, kameez juu. Unavaa shati la wavu lenye vikinga, suruali ya ndani yenye vikinga vya goti na nyonga, kisha shalwar kameez ya kawaida, yaani suruali pana (shalwar) na kanzu yake ya juu (kameez). Kwa macho ya watu hakuna kinachoshinda hii Pakistani: unashuka, na umeshavaa kama wao. Kasoro yake imeandikwa kwenye lebo ile ile. Shati la vikinga ni daraja la C, yaani linapunguza pigo tu, halizuii msuguano. Ukiteleza kwa kilomita 60 kwa saa, pamba ya kameez inachanika mara moja, na nyavu ya shati haina cha kuzuia. Inafaa mjini, kwa pikipiki ndogo na mwendo mdogo. Kwa Karakoram nzima haifai.

Ukiichagua, mpe fundi maelekezo, asishone ya mtindo. Apime ukiwa na vikinga mwilini. Kameez iishie juu kidogo ya goti ukisimama. Ikishuka zaidi inafika kwenye kanyagio la gia. Mipasuo ya pembeni ianze usawa wa nyonga ili mguu uvuke siti bila kupandisha pande la nyuma. Mkono uwe mpana kiwikoni, mwembamba kwenye kiganja, na uwe na kifungo, la sivyo upepo unaujaza kama puto. Ukipanda, likalie pande la nyuma. La mbele libane chini ya mkanda wa kiunoni. Miguu mipana ya shalwar iingie ndani ya buti, isiachwe juu yake. Ikining'inia inanasa kwenye kanyagio, na utagundua unapotaka kushusha mguu kwenye taa nyekundu.

Njia ya tatu ni abaya au baibui ukiwa unaendesha. Tunaiweka kwa sababu huulizwa sana, na jibu letu ni hapana. Hesabu yake ni rahisi. Kwa kilomita 60 kwa saa gurudumu la pikipiki kubwa huzunguka kama mara 8 kwa sekunde. Sproketi ya nyuma yenye mzingo wa sentimita 60 hivi inavuta basi karibu mita 5 za kitambaa kwa sekunde. Mtandio wa Kipakistani, dupatta, una urefu wa mita 2.5: unamezwa ndani ya nusu sekunde, kabla mkono haujafika kwenye breki. Ukiwa umezungushwa shingoni, kinachofuata ni shingo. Madaktari wa Pakistani na India wameyaandika majeraha hayo kwa miaka mingi, na si ya pikipiki pekee. Mcheza dansi Isadora Duncan alikufa hivyo ndani ya gari mjini Nice, tarehe 14 Septemba 1927, skafu yake iliponasa kwenye gurudumu.

Kuna la pili wasilolifikiria wengi. Vitambaa vingi vya abaya, nida ikiwemo, ni poliesta. Poliesta ikigusa ekzosi ya moto inayeyuka, na ikisuguliwa na lami inayeyuka vile vile, na inayeyukia kwenye ngozi. Pamba huungua au huchanika, lakini haigandi mwilini.

Utasema mbona bodaboda wanabeba kina mama wa mabaibui kila siku. Wanabeba, kwa mwendo wa mtaani, na pikipiki nyingi za Kihindi zina bati juu ya mnyororo na kinga pembeni ya gurudumu la nyuma iliyowekwa hasa kwa ajili ya sari. Pikipiki za safari ndefu hazina vitu hivyo. Mnyororo uko wazi, na mabegi ya pembeni yana kona za kunasa. Zenye shafti badala ya mnyororo zinapunguza hatari moja, gurudumu linabaki.

Abaya ibebe, usiivae. Ya kufunguka mbele kwa vifungo vya kubonyeza, kitambaa kisichokunjamana, ikikunjwa inaingia kwenye begi la tangi. Unashuka, unaivaa juu ya koti au baada ya kuvua koti, unaingia unakokwenda.

Njia ya nne ni koti fupi la wavu, suruali ya jinzi ya pikipiki, na khanga. Jinzi hizi zina nyuzi ngumu za aramidi kwa ndani au zilizofumwa humo humo, na zipo za daraja la AA zisizo nene. Za kike hukatwa za kubana, kwa hiyo tafuta mguu ulionyooka au chukua ya kiume. Hakikisha kikinga cha goti kinaangukia katikati ya kifuniko cha goti ukiwa umekunja mguu. Ukisimama kitaonekana kimeshuka kidogo, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa. Ukifika, unajifunga khanga kiunoni juu ya jinzi na umepata sketi. Ni pamba, inakauka haraka, inafunika kichwa ikibidi, na inaswaliwa. Kwa Omani njia hii inatosha kabisa, na wavu wa koti unakuokoa na joto. Kwa Iran haitoshi, kwa sababu koti fupi halifikii mapaja, na khanga kiunoni haina mamlaka ya manto.

Kichwani

Hapa ndipo safari inapofurahisha au kukera, na hapa ndipo pesa kidogo huleta tofauti kubwa.

Kabla ya kitambaa, kofia yenyewe. Chukua yenye taya linalofunguka. Ni nzito kidogo kuliko ya kufunika uso moja kwa moja, lakini kwenye kizuizi cha polisi unafungua taya, uso unaonekana, pasipoti inalinganishwa, na nywele hazijaonwa na mtu. Maji unakunywa vivyo hivyo. Angalia herufi kwenye lebo ya ECE, kipimo cha usalama wa kofia, iliyoshonwa kwenye mkanda: P/J maana yake imepitishwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. P peke yake maana yake taya lifungwe ukiwa kwenye mwendo.

Pima kofia ukiwa na kile utakachokivaa ndani na nywele utakazosafiri nazo. Misuko minene ya rasta inaongeza saizi, na kofia iliyopimwa kwenye nywele fupi itakuumiza kipaji cha uso ndani ya saa moja. Kinyume chake ni hatari zaidi: kofia iliyonunuliwa juu ya hijabu nene hucheza kichwani siku utakapovaa kitambaa chembamba. Ikishavaliwa, ishike kwa mikono miwili na uizungushe. Ngozi ya mashavu lazima ifuate. Kifundo cha nywele kisiwe utosini wala kisogoni. Suka msuko mmoja wa chini, uingie ndani ya kola.

| Kitambaa | Chini ya kofia | Ukivua kofia | Inafaa zaidi |
|---|---|---|---|
| Mrija wa shingoni (kitambaa cha kuvutika, wazi juu na chini) | Hausumbui, kofia haibadiliki | Unaupandisha kichwani. Mbele nywele hutokeza | Omani, vituo vifupi |
| Balaklava nyembamba (kofia ya kitambaa ya kichwa na shingo, uso wazi) | Inakaa vizuri, inanyonya jasho | Nywele na shingo vimefunikwa tayari | Iran, Pakistani, safari ndefu |
| Hijabu ya kuvaa ya jezi (kitambaa cha tisheti) | Nzuri ikiwa nyembamba, bila pini | Umevaa kawaida, hakuna cha kuongeza | Anayevaa hijabu kila siku |
| Mtandio wa kufunga | Mikunjo inabana, pini zinachoma | Unapendeza zaidi ya yote | Ubebe, ufunge ukishuka |

Pini chini ya kofia ni marufuku kwetu, hata zile ndogo zenye kichwa cha lulu. Kofia hufanya kazi kwa kukandamiza kichwa, na katika kuanguka itaikandamiza pini pia. Fundo la kisogoni nalo hubeba kofia juu, na baada ya kilomita 100 linaanza kuuma kama kidole kinachokubonyeza pale pale. Shifoni na satini huteleza. Kofia ikitoka, kitambaa kinatoka nacho. Jezi ya tisheti inashika nywele lakini inashikana pia na sponji za mashavu, ndiyo maana hijabu ya jezi nene huvutika kofia inapovuliwa. Dawa ni tabaka mbili: kikofia cha pamba kinachoshika nywele, juu yake balaklava ya kitambaa laini kinachoteleza kwenye sponji. Pamba ishike nywele, laini iachie kofia.

Sasa sheli. Zima injini, shusha stendi, vua glavu uziweke kwenye begi la tangi, si juu ya kioo cha pembeni, upepo unazipenda. Upindo wa balaklava uwe umeingizwa ndani ya kola ya koti tangu asubuhi. Fungua mkanda wa kidevu. Mkono wa kushoto upite nyuma, ubane kitambaa kisogoni dhidi ya shingo. Wa kulia ushike upande wa chini wa kofia, uutanue kwa nje, uinamishe kofia mbele na kuinyanyua. Kitambaa kinabaki. Kofia inakwenda kwenye kioo au kwenye ndoano, mtandio unatoka kwenye mfuko wa juu, unatupwa kichwani, ncha moja begani. Ukifanya mazoezi nyumbani mara kumi, barabarani huchukua sekunde chache, na mhudumu wa pampu hatakuwa na cha kuangalia.

Kabla ya kuondoka, fanya kinyume, na hakikisha hakuna ncha iliyobaki nje ya kola. Hili ndilo kosa la watu wazoefu: mtandio umeachwa shingoni kwa haraka, ukaingizwa nusu ndani ya koti, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa upepo unauchomoa kidogo kidogo mpaka unapepea nyuma.

Kwa anayefunika uso: niqabu ndani ya kofia inayofunika uso hunyonywa na pumzi na kuziba macho ya pembeni. Vuta mrija wa shingoni hadi juu ya pua, na kwa mchana tumia kioo cha kofia chenye rangi ya moshi. Usiku kiwe cheupe, bila mjadala.

Beba mirija na balaklava zisizopungua tatu. Jasho la siku moja likikauka humo, chumvi inakwaruza kipaji, na harufu yake haina stara yoyote.

Miguu, glavu na swala

Pengo kati ya suruali na buti ni dogo lakini ndilo linaloonekana kwanza ukikaa chini kwenye zulia la mwenyeji. Suruali ishuke juu ya buti, na soksi ziwe ndefu na nzima, maana msikitini na nyumba nyingi utavua viatu. Beba kandambili nyepesi. Kufungua buti za vifungo vinne mbele ya mlango wa watu ni adha.

Msafiri Mwislamu ana ruhusa inayofaa sana pikipiki: kupaka maji juu ya khofu (kiatu au soksi ya ngozi inayofunika vifundo), badala ya kuosha miguu, kwa siku tatu mchana na usiku. Kwa wafuasi wa Imam Shafi, ambao ndio wengi pwani yetu, buti ya pikipiki inayofunika vifundo, imara ya kutembelea, safi, na iliyovaliwa ukiwa na udhu kamili, inatimiza masharti. Ukiivua, hesabu inakatika. Basi ivae baada ya udhu wa alfajiri na iache mguuni. Suruali ya pikipiki huonyesha umbo ukirukuu, na hapo khanga au shumizi ya swala ndiyo inayokamilisha.

Glavu zina jambo moja Saudia. Mwanamke aliyehirimia umra au hija havai niqabu wala glavu, kwa kauli ya wengi wa wanazuoni. Kuendesha bila glavu ni kosa la aina nyingine. Njia nyepesi ni kuiegesha pikipiki Jeddah au Madina na kwenda Makka kwa treni ya Haramain. Kofia, koti na buti vinabaki hotelini, na wewe unasafiri kama mahujaji wengine.

Joto

Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, upepo hauburudishi tena, unachemsha. Kwa hiyo aliyejifunika mwili mzima yuko afadhali kuliko aliyeacha mikono wazi, na hili huwashangaza wanaotoka nchi za baridi. Kwenye ukavu wa Nizwa, Yazd au jangwa la Saudia, lowesha fulana ya ndani, vaa koti, fungua matundu kidogo tu, ili maji yakauke polepole. Kwenye unyevu wa Maskati, Bandar Abbas au Karachi, fulana ya maji haisaidii kwa sababu hewa imeshashiba. Hapo koti la wavu ndilo linaloshinda suti nzito, na kilomita zifanyike kabla ya saa nne asubuhi.

Rangi nyeusi husumbua ukisimama, si ukiwa kwenye mwendo. Lakini usiku koti jeusi na mtandio mweusi ni kujificha kwa malori. Kijivu au kaki yenye mistari ya kuakisi mwanga haimkeri mtu yeyote katika nchi hizi nne.

Nani achukue nini

Anayetoka Uturuki kuelekea Iran na Pakistani achukue suti ndefu ya AA, kofia ya taya, balaklava tatu, na mtandio mmoja mpana. Shalwar kameez aishonee Pakistani kwa siku za mapumziko mjini. Ni rahisi na fundi anamaliza upesi. Anayezunguka Omani peke yake, hasa kati ya Novemba na Machi, asijitwike mzigo: njia ya nne, khanga mbili, na abaya moja kwa ajili ya msikiti. Anayeunganisha Omani na Saudia aongeze koti refu la wavu badala ya fupi, mengine yabaki yale yale.

Karakoram ina shida yake. Jua la Chilas kiangazi linaweza kupita nyuzi 40, na siku moja au mbili baadaye uko Khunjerab, mpakani na China, mita 4,693 juu ya bahari, kwenye theluji. Bitana la joto la koti hukaa ndani, kwa hiyo ukitaka kuliingiza au kulitoa lazima uvue koti kando ya barabara, na Kohistan si mahali pa kuvulia koti. Chagua koti ambalo tabaka la joto na la mvua huvaliwa kwa juu, na urefu wake uzidi koti lenyewe kwa vidole viwili. Kameez nyembamba ya mikono mirefu ikae chini ya koti siku zote za huko, ili hata koti likitoka kwa lazima, pancha au kuanguka, chini yake uwe umeshavaa.